Wiki tatu za kujiandaa na mtihani wa kwanza wa huduma za wingu, ukiwa Unguja au Pemba

Mtihani wa AWS Certified Cloud Practitioner, wenye namba CLF-C02, ni wa AWS, tawi la Amazon la huduma za wingu, yaani kukodi kompyuta na hifadhi kupitia intaneti. Hulipiwa dola 100 za Marekani kila unapoufanya. Ukifeli unangoja siku 14, kisha unalipa dola 100 nyengine kamili. Kwa hivyo kinachokula pesa katika mtihani huu si kozi wala bando, ni kuurudia. Anayetaka kuufanya kwa bei nafuu apange kufaulu mara moja. Saa mbili kwa siku kwa wiki tatu zinamtosha mtu anayetumia kompyuta kwa kazi za kawaida, hata kama hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu.

Kabla hujalipa, hakikisha huo ndio mtihani unaoutaka. Cheti cha AWS hudumu miaka 3. Cha Microsoft cha ngazi hiyo, AZ-900, hakina mwisho wa muda, na ada yake hupangwa kwa kila nchi, kwa hivyo itazame kwa kuchagua Tanzania. Oracle imekuwa ikitoa kozi na mtihani wa huduma zake za wingu, OCI Foundations, bila malipo. Kwa asiye na dola 100 kabisa, tungemwambia aanze na huo, kwa sababu dhana nyingi atakazojifunza atazikuta tena kwa wengine. Mwongozo huu unashika mtihani wa AWS, ila mpangilio wa masomo unafaa kote.

Mtihani wenyewe ulivyo

Maswali ni 65 kwa dakika 90. Kati ya hayo, 50 ndiyo yanayohesabiwa. 15 yamewekwa kwa majaribio na huwezi kuyatambua. Alama hutolewa kwa kipimo cha 100 hadi 1000, na kufaulu ni 700. Hakuna adhabu ya jibu baya, kwa hivyo kuacha swali wazi ni kutupa alama.

Maeneo ni manne: dhana za wingu asilimia 24, usalama asilimia 30, teknolojia na huduma asilimia 34, malipo na usaidizi asilimia 12. Si lazima ufaulu kila eneo peke yake. Kinachotazamwa ni jumla. Hili lina maana kubwa katika kupanga muda. Wengi wanazama wiki nzima kwenye majina ya huduma kwa sababu ni mengi na yanatisha, kisha wanapita usalama kwa siku mbili. Usalama ni karibu theluthi ya mtihani, na maswali yake yanatabirika zaidi kuliko yote.

Jina, lugha na kadi

Fungua akaunti ya vyeti vya AWS mapema, na andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachokionesha siku ya mtihani, herufi kwa herufi. Huku kwetu hili ndilo linalowaponza watu. Khamis isiwe Hamisi, na jina la babu kama limo kwenye kitambulisho lisiachwe nje ya akaunti. Kitambulisho kiwe halisi mkononi, si picha kwenye simu, na kisiwe kimeisha muda. Mwenye pasi ya kusafiria aitumie hiyo, inaleta maswali machache.

Jambo la pili ni dakika 30 za bure ambazo watu wengi hawazijui. Mtihani hautolewi kwa Kiswahili, na anayeufanya kwa Kiingereza hali si lugha yake ya kwanza anaruhusiwa kuomba nyongeza ya muda. Ingia kwenye akaunti, tafuta sehemu ya maombi maalumu ya mtihani, chagua iliyoandikwa ESL +30. Iombe kabla ya kuweka miadi, kwa sababu miadi iliyokwishawekwa haipati nyongeza hiyo. Bila nyongeza una kama sekunde 83 kwa swali. Ukiwa nayo una 110. Kwa maswali marefu ya Kiingereza, tofauti hiyo inatosha kusoma swali mara mbili.

Kadi ya benki lazima iwe imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni. Kadi nyingi hufungwa hadi mwenyewe uombe. Kadi pepe ya Visa au Mastercard inayopatikana kupitia pesa za simu nayo hufanya kazi. Weka salio la ziada kuliko dola 100 kamili, kwa sababu kuna tofauti ya kubadilisha fedha na huenda kodi ikaongezwa. Malipo yakikataliwa mara mbili mfululizo, acha, piga simu benki kwanza. Usiendelee kujaribu hadi kadi ifungwe.

Weka miadi mwishoni mwa wiki ya kwanza, kwa tarehe ya siku ya 22 au zaidi. Miadi inaweza kusogezwa bila malipo mara mbili, mradi yawe yamebaki zaidi ya saa 24. Na uangalie saa! Mfumo unaandika saa za kizungu. 08:00 ni saa mbili asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana. Hakikisha pia kwamba ukanda wa saa uliochaguliwa ni wa Afrika Mashariki, UTC+3. Epuka Ijumaa mchana, na katika Ramadhani chagua asubuhi, kabla kichwa hakijachoka.

Kusoma bila kumaliza bando

Kozi ya Cloud Practitioner Essentials iko bure kwenye AWS Skill Builder, saiti ya mafunzo ya AWS. Pakua kwanza mwongozo wa mtihani wa CLF-C02, faili dogo la PDF linalotaja kila mada na kila huduma inayoweza kuulizwa. Lichapishe kama unaweza. Kila unachosoma ukipigie alama humo. Kisichokuwamo usikipotezee usiku.

Video zitazame kwa ubora wa 480p, usiku kwa kifurushi cha usiku, na asubuhi usome maandishi. Kusoma maandishi kunakula data kidogo mno ukilinganisha na video, na kwa mtihani huu kunafaa zaidi, kwa sababu swali lenyewe ni maandishi. Usinunue usajili wa kila mwezi wa Skill Builder. Vilivyo bure vinatosha. Asiye na kadi kabisa ataanza mazoezi kwenye AWS Educate, ambako haiulizwi kadi.

Wiki ya kwanza: dhana

Wingu, au klaudi, ni kukodi seva, hifadhi na databesi za mtu mwengine kupitia intaneti na kulipia ulichotumia. Maelezo hayo ni mepesi, na humo ndimo watu wanamokosea, kwa hivyo tuyafungue kwa mambo tunayoyajua.

Kwanza malipo. Mtu wa Zanzibar akisikia kulipia unachotumia anafikiria Tukuza: unanunua uniti, zikiisha taa zinazima. Wingu si Tukuza. Ni mita ya zamani: unatumia, bili inakuja mwisho wa mwezi, na hakuna taa inayokuzimikia kukuonya. AWS Budgets hukutumia taarifa unapokaribia kiwango ulichojiwekea, lakini haizimi kitu isipokuwa umeiagiza. Ukilishika hilo umeshika maswali kadhaa ya eneo la malipo.

Bei za EC2, huduma ya AWS ya kukodi seva, ni kama nyumba. On-Demand ni chumba cha gesti, unalipa kwa muda uliokaa na unaondoka ukitaka. Reserved Instances na Savings Plans ni mkataba wa mwaka 1 au 3, nafuu hadi asilimia 72. Spot ni chumba kilichobaki kitupu, nafuu hadi asilimia 90, ila mwenye nyumba akikihitaji anakupa notisi ya dakika 2 na unatoka. Kwa hivyo swali likisema kazi inaweza kukatizwa bila madhara, jibu ni Spot. Likisema kazi ni ya kudumu na inajulikana kwa mwaka mzima, jibu ni mkataba. Likisema matumizi hayatabiriki na hayaruhusu kukatizwa, On-Demand.

Pili, uimara. Mwaka 2008 waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara uliharibika na Unguja ikakaa gizani takriban mwezi mzima. Disemba 2009 umeme ukakatika tena hadi Machi 2010. Kisiwa kizima kilitegemea waya mmoja. Wahandisi wa wingu wanaogopa jambo hilohilo, na ndiyo sababu ya mgawanyo ambao mtihani unauuliza kila mara. Region ni eneo la kijiografia, kwa mfano Cape Town, iliyofunguliwa Aprili 2020. Ndani ya Region kuna Availability Zones kadhaa, kila moja na majengo yake, umeme wake na mtandao wake, zikiwa mbali kiasi kwamba ajali moja haizigusi zote. Ukiweka programu yako kwenye Availability Zone moja, umeiweka kwenye waya mmoja. Ukiiweka kwenye mbili, moja ikizima nyengine inaendelea.

Edge location ni kitu chengine kabisa, na wengi wanakichanganya na hivyo viwili. Hiki ni kituo cha kuweka nakala karibu na mtazamaji. CloudFront, huduma ya AWS ya kusambaza nakala hizo, ina kituo Nairobi. Mtu wa Wete akifungua picha ya saiti iliyohifadhiwa Cape Town, nakala inaweza kumjia kutoka Nairobi badala ya kwenda hadi Afrika Kusini kila mara.

Tatu, mgawanyo wa wajibu wa usalama. Ukikodi duka Darajani, mwenye jengo anashughulikia paa na kuta; kufunga mlango na kujua nani ana ufunguo ni juu yako. AWS inalinda majengo, seva na mtandao wake. Data yako, watumiaji wako na ruhusa zao ni juu yako daima. Katikati ndipo mtego ulipo: kwenye EC2, kusasisha mfumo endeshi ni kazi yako, kwenye RDS (ya databesi) na Lambda (ya kuendesha programu bila seva ya kusimamia) ni kazi ya AWS. Kadiri huduma inavyosimamiwa zaidi na AWS, ndivyo mzigo wako unavyopungua, lakini haufiki sifuri. Rudia sehemu hii hadi uweze kumweleza mtu wa nyumbani bila kutazama daftari.

Malizia wiki kwa nguzo sita za Well-Architected Framework, mwongozo wa AWS wa kujenga mifumo vizuri: uendeshaji, usalama, kutegemeka, utendaji, gharama na uendelevu. Zikariri kwa majina ya Kiingereza, maana ndiyo utakayoyaona.

Wiki ya pili: huduma zinazofanana

Usijaribu kukariri huduma moja moja kwa orodha. Mtihani unakupa nne zinazofanana na kukutaka uchague moja, kwa hivyo zisome kwa makundi yanayogombana.

Kundi linaloangusha watu wengi ni la ufuatiliaji. CloudTrail inajibu nani alifanya nini na lini. CloudWatch inajibu mfumo uko katika hali gani sasa, na ndiyo inayopiga kengele. Config inajibu mpangilio wa kitu ulikuwaje juzi na umebadilika vipi. Trusted Advisor inatoa mapendekezo. Swali linalosema seva imefutwa na meneja anataka kumjua aliyeifuta ni CloudTrail, hata kama neno kufuatilia linakuvuta kwenye CloudWatch.

Upande wa ulinzi, GuardDuty hutafuta dalili za uvamizi kwenye kumbukumbu za akaunti, Inspector hutafuta udhaifu wa programu kwenye seva, Macie hutafuta data nyeti ndani ya hifadhi ya S3, Shield huzuia DDoS, yaani mafuriko ya maombi ya kuiangusha saiti, WAF huzuia mashambulizi ya saiti kama SQL injection, yaani kupenyeza amri za databesi. Artifact hailindi kitu; ni mahali pa kuchukua hati za ukaguzi. Security group hukaa kwenye seva na hukumbuka mazungumzo: kilichoruhusiwa kuingia, jibu lake hutoka bila kuulizwa. Network ACL hukaa kwenye subnet, yaani kipande cha mtandao wako, na haikumbuki, lazima uandike sheria ya kuingia na ya kutoka.

Hifadhi: S3 ni ya mafaili yanayofikiwa kwa intaneti, EBS ni diski ya seva, EFS ni folda inayotumiwa na seva nyingi kwa pamoja. Kumbukumbu za miaka mingi zisizofunguliwa huenda S3 Glacier Deep Archive, na kuzipata kwa njia ya kawaida huchukua hadi saa 12. Databesi: RDS na Aurora kwa majedwali yenye uhusiano, DynamoDB kwa isiyo ya majedwali hayo, Redshift kwa uchambuzi wa data nyingi. Lambda huendesha programu bila seva ya kusimamia, ila kazi moja isizidi dakika 15. Gharama: Pricing Calculator ni kabla hujajenga, Cost Explorer ni kutazama ulichotumia, Budgets ni kuonywa.

Sasa fungua akaunti ya mazoezi. Akaunti mpya zilizofunguliwa tangu Julai 15, 2025 hupewa mkopo wa matumizi wa dola 100, na hadi dola 100 nyengine kwa kukamilisha kazi fulani. Mpango wa bure hukoma baada ya miezi 6 au mkopo ukiisha. Chagua huo mpango wa bure, usiupandishe daraja. Kazi ya kwanza ni kuwasha MFA, uthibitisho wa ziada juu ya nywila, kwenye akaunti kuu ya root. Ya pili ni kutengeneza bajeti ya dola 1 yenye taarifa kwa barua pepe. Ya tatu, tengeneza mtumiaji wa kazi za kila siku, na root uiache. Kisha pandisha faili moja S3, ujaribu kulifungua kwa brauza na ukataliwe. Uone kwamba S3 hufunga kila kitu mwanzoni. Washa seva moja ndogo ya EC2, izime, kisha ifute kabisa. Zingatia tofauti: seva iliyosimamishwa tu bado inalipiwa diski yake ya EBS.

Fanyia mazoezi Region ya Virginia. Cape Town lazima iwashwe kwanza kwenye akaunti, na bei zake ziko juu. Kitu kinachokula mkopo kimyakimya ni NAT Gateway, njia ya seva za ndani kutokea intaneti: dola 0.045 kwa saa huko Virginia, kiasi cha dola 32 kwa mwezi hata bila kupitisha data. Anwani ya IPv4 ya umma nayo ni dola 0.005 kwa saa, takriban dola 3.60 kwa mwezi. Kila usiku kabla ya kufunga kompyuta, fungua ukurasa wa bili.

Wiki ya tatu: maswali

Anza na seti rasmi ya maswali 20, iliyo bure Skill Builder. Kisha nunua seti moja tu ya mitihani ya mazoezi yenye maelezo ya kila jibu, wakati wa punguzo. Usiguse maswali yaliyoibwa yanayosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram. Mbali na kuvunja makubaliano unayoyakubali, jambo linaloweza kukunyang'anya cheti, majibu yake mara nyingi ni mabaya na hukujengea uhakika wa uongo.

Fanya mtihani kamili kwa muda kamili, siku moja mtihani, siku ya pili masahihisho. Masahihisho ndiyo kazi yenyewe. Kwa kila kosa andika kwenye daftari kama hukujua, ulichanganya, au ulisoma vibaya, kisha andika kwa nini kila jibu jengine ni baya. Makosa ya kutojua yanatibiwa kwa kusoma. Ya kuchanganya yanatibiwa kwa kurudi kwenye makundi ya wiki ya pili. Ya kusoma vibaya hayatibiwi kwa kusoma zaidi. Unahitaji kupunguza mwendo na kutafuta maneno yanayobeba swali: "most cost-effective" maana yake nafuu kuliko zote zinazofaa, "least operational overhead" maana yake chagua huduma inayosimamiwa na AWS yenyewe. Maswali ya kuchagua mawili yanataka yote mawili yawe sahihi, kwa hivyo yape muda zaidi.

Ukipata asilimia 80 au zaidi mara mbili mfululizo kwenye mitihani usiyowahi kuiona, uko tayari. Asilimia 90 kwenye mtihani uliourudia mara ya tatu haihesabiki, hapo unakumbuka majibu. Ikiwa siku tatu kabla bado uko chini ya 75, sogeza miadi. Kusogeza ni bure.

Siku yenyewe

Unaweza kufanyia nyumbani au kwenye kituo cha Pearson VUE, kampuni inayosimamia mtihani. Ukichagua kituo cha Dar es Salaam, hesabu nauli ya boti kwenda na kurudi, na wa Pemba ahesabu na kulala. Vuka siku moja kabla. Bahari ikichafuka asubuhi ya mtihani, miadi haikungoji.

Nyumbani, mashaka makubwa ni umeme na mtandao. Siku mbili kabla, endesha jaribio la mfumo la Pearson VUE kwa kompyuta ileile, mahali palepale, saa ileile. Kompyuta ya ofisini yenye VPN au ulinzi wa kampuni hukwama mara nyingi. Betri iwe imejaa. Ruta ndogo yenye laini ya simu na betri yake ni bora kuliko kutegemea simu, kwa sababu simu lazima iwekwe mbali usipoifikia. Nunua kifurushi kipya asubuhi hiyo. Kifurushi kuisha katikati ya mtihani ni hasara ya kujitakia.

Meza iwe tupu: hakuna karatasi, kalamu, saa wala skrini ya pili. Anza kujisajili dakika 30 kabla, kwani utapiga picha uso, kitambulisho na pande nne za chumba. Mtu akiingia chumbani mtihani unaweza kusitishwa, hata akiwa mtoto wa miaka mitatu, kwa hivyo muweke ndugu nje ya mlango na uwaambie na majirani. Usisome swali kwa sauti, usifunike mdomo, usitoke mbele ya kamera. Mtandao ukikatika, usifadhaike: fungua tena programu ileile na uendelee, na ukishindwa, wasiliana na Pearson VUE papo hapo.

Matokeo hutoka ndani ya siku 5 za kazi. Ukifaulu, kwenye akaunti yako ya vyeti utakuta punguzo la asilimia 50 kwa mtihani unaofuata. Litumie kwa mtihani wa ngazi ya Associate kabla halijaisha muda, kwani ukifaulu huo, cheti cha kwanza nacho hujihuisha. Usiku huohuo ingia kwenye akaunti ya mazoezi, futa kila kilichobaki, kisha angalia ukurasa wa bili mara ya mwisho.